Mzee wa yadi ya malori kachomoa plagi yangu APIGE PASI SURUALI!!!

Wakuu, nimetoka kufanyiwa sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina simtaji. Aliyewahi kulaza semi Kigoma akisubiri zamu ya kushusha bandarini anamjua. Yule yule, mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko askari magereza.

Jana jioni kanitoza elfu tano "ya umeme wa kabini". Elfu tano! Unit ya LUKU ni shilingi 356. Friji yangu wati 60, hata izunguke saa 12 bila kupumzika haimalizi unit moja. Sikubishana. Nikalipa, nikapitisha waya dirishani, friji ikaunguruma, feni ikapepea, nikalala na bukta.

Alfajiri naamka nimelowa jasho. Feni kimya. Nachungulia: mzee kaweka meza chini ya dirisha LANGU, kachomoa plagi YANGU, kachomeka pasi. Ananyoosha suruali ya kitambaa, mstari mbele mstari nyuma, na kopo la maji ananyunyizia taratiiibu.

"Shikamoo mzee, vipi tena?"

"Marahaba. Subiri, nawahi ibada."

Subiri! Kamaliza, kavaa, kafunga kiboksi cha soketi kwa kufuli, kaondoka. Plagi yangu inaning'inia. Migebuka, samaki wa mama mkwe, ndani ya friji inaanza kulegea.

Na msiniambie niwashe injini. Bosi akiona kwenye traka ya kufuatilia magari gari linanguruma limesimama, hiyo dizeli anaikata kwenye posho.

Nauliza tena: mtu na akili zake anachomoa umeme wa gari la watu apige pasi suruali?

Utingo Mstaafu: Mstari ulinyooka lakini?

Fundi Betri Ujiji: Mkuu, semi ina betri mbili za 12 zimeungwa kupata volti 24. Friji ya wati 60 inavuta ampea mbili na nusu tu. Betri nzima za saizi ya N150 zinalaza hiyo friji mpaka asubuhi na gari linawaka. Sema betri zako zimekufa, usimsingizie mzee wa watu.

Mleta uzi: Betri ni za bosi, kamwambie yeye. Hapa tunaongelea PASI. Nimelipia mimi, kanyooshea yeye!

Dada wa Mwanga: Pasi ni wati elfu na ushee. Nusu saa ya ile suruali imekula karibu sawa na friji yako usiku kucha 😂 Sadaka yako imeshafika kanisani.

Mnyamwezi wa Kaliua: Afadhali wewe umechomolewa tu. Mimi Tabora kuna fundi kaniungia inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi) ya volti 12 kwenye betri moja, nyingine haiguswi. Altaneta inazichaji kwa pamoja, moja inachemka, mwenzake anakufa njaa. Nzega nimesukumwa, semi nzima na trela lake, na wauza matikiti.

Fundi Betri Ujiji: Hapo ni inveta ya 24, au konveta ya kushusha 24 kuwa 12. Fundi gani huyo? Siyo yule wa karibu na stendi?

Mnyamwezi wa Kaliua: Huyo huyo! Fyuzi ilipoungua akatia kipande cha waya wa shaba, akasema sasa haitaungua tena.

Utingo Mstaafu: Haiungui kweli. Linaungua gari. Mimi kaniunguzia redio, nikaambiwa nililete na subwoofer aliangalie.

Mleta uzi: Jamani, PASI! Kafunga na kufuli!

Mke wa Dereva: Mama mkwe ameshaambiwa habari za migebuka?

Mleta uzi: Nani kakuita wewe?

Dada wa Mwanga: Ibanike leo leo kabla haijanuka, halafu ikaangwe kwa mawese. Kwanza dumu la mawese limefika bei gani huko? Wiki iliyopita nimeuziwa maji ya njano.

Mnyamwezi wa Kaliua: Umenunua kwa yule mama wa sokoni, bila shaka. Mwizi yule!