Wakuu, imeji ya diski ya mteja imetoka na siri za seva yangu, nifanyeje?

MlinziWaRafu: Wakuu, nimekwama. Nimegeuza diski ya mashine pepe ya QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe) kuwa qcow2, aina yake ya faili la diski, kwa `qemu-img convert -O qcow2 diski.img mpya.qcow2`. Nikifungua hiyo mpya, mwanzoni nakuta `/etc/shadow` (faili la heshi, yaani nywila zilizofichwa) ya seva yangu! Nisasishe QEMU au nisakinishe seva upya?

Baiti_Nane: Sasisha. Kwa CVE-2024-4467 (namba ya udhaifu wa usalama uliosajiliwa), hata `qemu-img info` pekee iliweza kuchezewa isome au iandike faili la nje, kupitia jina la `json:{}` lililopachikwa ndani ya imeji.

KichwaChaFaili: Kabla ya hapo: diski ni ya nani, na amri umeiendesha kama nani?

MlinziWaRafu: Ya mteja, aina ya `raw`. Naendesha kama root (msimamizi mwenye mamlaka yote), folda ni ya root. Mteja ana mkataba, sioni shida.

KichwaChaFaili: Na `mpya.qcow2` iko wapi?

MlinziWaRafu: Nimeshamkabidhi.

Sekta0: Uzi wa kutunga huu. Diski ya `raw` haina kichwa (maelezo ya mwanzo wa faili), hilo jina la faili la nje lingekaa wapi?

KichwaChaFaili: Hajatunga. Mteja ni root ndani ya mashine yake, kwa hiyo sekta ya kwanza anaiandika atakavyo. Akiweka baiti `51 46 49 fb`, hicho ni kichwa cha qcow2. Ukihesabu kuanzia 0, baiti ya 8 hadi 15 huonyesha jina la faili msingi (faili la nje ambalo imeji husoma data yake) linapoanzia, 16 hadi 19 urefu wake. Mkuu hakuweka `-f raw` ya kutaja aina ya diski, qemu-img ikabahatisha aina, ikafuata jina hilo kwa mamlaka ya root. Mwanya huu ni wa tangu CVE-2008-2004, na toleo jipya halitakuokoa ukiacha `-f`. Hakiki kwa `xxd -l 512 diski.img`, usiifungue tena kwa qemu-img.

MlinziWaRafu: Basi naongeza `-f raw`. Kuacha root na kuendesha kwa mtumiaji mwingine kutavuruga skripti zangu.

KichwaChaFaili: Kwa `raw` inatosha. Ukianza kupokea qcow2 za wateja haitoshi: kataa yenye faili msingi, na yenye biti namba 2 (nayo ukihesabu kuanzia 0) imewashwa kwenye baiti za 72 hadi 79, yaani data iko faili la nje. Hapo ndipo OpenStack (mfumo wa kuendesha wingu) ilipoumia, CVE-2024-32498. VMDK (diski za VMware) nazo hutaja faili kwa mstari wa `FLAT`. Ukaguzi wa `qemu-img info` ufanye kwa mtumiaji asiye na mamlaka, chini ya `prlimit --cpu=30 --as=1073741824`, inayoweka kikomo cha muda wa CPU na kumbukumbu.

Baiti_Nane: Skripti baadaye, mkuu. Heshi ziko kwa mteja. Badilisha nywila zote sasa hivi, kisha pitia diski nyingine alizowahi kugeuziwa: root husoma hata funguo za SSH. `diski.img` usiifute, ndiyo ushahidi.