Seminari na chuo cha kanisa: mkataba uandikweje?

Mratibu wa masomo, Arua

Tumsifu Yesu Kristo. Seminari yetu ina mafrateri (wanafunzi wa upadre) 42 wa falsafa, na kilomita 9 kutoka hapa pana chuo cha kanisa kinachofundisha ualimu, maendeleo ya jamii na uhasibu. Baba Askofu anataka uhusiano wa kazi, si kualikana kwenye mahafali tu. Nia yetu ni mafrateri wasome ualimu na uhasibu kule, wanachuo wasome maadili na Maandiko Matakatifu kwetu, na maktaba zitumiwe na pande zote mbili. Rasimu ya mkataba imejaa maneno mazuri lakini haisemi nani afanye nini. Tuandike nini, na mipango hii hukwama wapi?

Msajili, Mukono

Milele amina, Padre. Hukwama kwa msajili. Frateri husoma muhula mzima na kufanya mtihani, kisha jina lake halipo kwenye mfumo wa chuo kwa kuwa hakusajiliwa. Alama zinabaki kwenye karatasi ya mhadhiri, na hakuna anayeweza kumtolea hati ya alama. Kwa hiyo mkataba useme wazi: kila frateri apewe namba ya usajili ya chuo ndani ya wiki mbili za kwanza za muhula, orodha isainiwe na gombera (mkuu wa seminari) na msajili, na baada ya hapo isiongezwe jina. Taja pia ada, hata kama ni sifuri, maana pasipotajwa kitu mhasibu atamzuia mwanafunzi asiingie mtihani.

Pili, hesabu ya krediti. Kwa kanuni za Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, krediti 1 ni saa 15 za darasa, na saa 2 za mazoezi huhesabiwa kama saa 1. Kozi ya ualimu ya krediti 3 inahitaji saa 45: mnaweza kuwa na saa 30 za mihadhara na saa 30 za mazoezi ya kufundisha. Seminari nyingi huandika "kipindi" bila kusema ni dakika ngapi. Kipindi cha dakika 40 si saa. Vipindi 45 vya namna hiyo ni saa 30 tu, yaani krediti 2, na hapo ndipo chuo kinapokataa kuhamisha alama.

Tatu, walimu. Padre atakayefundisha shahada ya kwanza chuoni anatakiwa awe na shahada ya uzamili. Kama ana leseni kutoka Roma, yaani shahada ya Kanisa inayofuata ile ya kwanza, cheti hicho kipelekwe Baraza kikalinganishwe mapema, kabla jina lake halijaingia kwenye ratiba. Na kozi yenyewe lazima iwe ndani ya programu yenye ithibati. Kozi ya maadili iliyobuniwa na seminari peke yake haiwezi kuingia kwenye shahada ya chuo kwa sababu tu wakuu wamepeana mikono.

Mlezi wa mafrateri

Naongeza upande wa malezi, kwa sababu msajili hauoni. Kanuni ya 250 ya Sheria za Kanisa inataka falsafa miaka miwili kamili na teolojia minne. Ualimu na uhasibu visile muda huo, viwe nyongeza. Chagueni siku moja ya wiki, tuseme Jumatano, saa mbili asubuhi hadi saa saba, kuliko saa mojamoja zilizotawanyika juma zima. Basi dogo la Coaster la viti 29 haiwabebi wote 42 kwa safari moja, kwa hiyo gawanyeni mwaka wa kwanza na wa pili katika mihula tofauti. Mtapunguza mafuta, na Masifu ya Jioni hayatavurugika.

Tazameni kalenda pia. Muhula wa pili huangukiwa na Kwaresima na Juma Kuu, na mafrateri hutumwa parokiani siku zile ambazo chuo huweka majaribio. Mkae pamoja mwezi mmoja kabla ya muhula, kalenda mbili zikiwa mezani.

Mkutubi

Msianze na kuazimana vitabu, anzeni na katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote. Kama seminari inapanga kwa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, vitabu vya Biblia viko 220 na historia ya Kanisa 270. Kama chuo kinatumia mfumo mwingine, msihamishe lebo za vitabu hata kimoja. Ingizeni vyote kwenye Koha, ni programu huru ya kompyuta ya maktaba, isiyo na ada ya leseni, kila maktaba ikiwa tawi lake na namba ya rafu iliyokuwa nayo. Tatizo kubwa litakuwa majina ya waandishi. Augustino aliyeandikwa kwa namna nne anakuwa watu wanne, na anayetafuta anapata robo tu ya vitabu. Kubalianeni namna moja siku ya kwanza.

Majarida ya mtandaoni ambayo chuo hulipia huruhusu watumiaji waliosajiliwa na chuo. Mafrateri wenye namba ya usajili wanaingia. Kugawana nywila kunavunja leseni na chuo kizima kinaweza kufungiwa. Ni sababu nyingine ya kufuata ushauri wa msajili hapo juu.

Mratibu wa masomo, Arua

Asanteni sana. Kuna wanaoshauri tuungane kabisa, kama Chuo cha Teolojia cha Bishop Tucker cha mwaka 1913 kilivyozaa Uganda Christian University mwaka 1997. Na malipo ya walimu je?

Msajili, Mukono

Kuungana ni jambo jingine kabisa, Padre: linagusa umiliki wa ardhi, mamlaka ya gombera na hati ya chuo. Msilichanganye na huu mkataba. Malipo fanyeni saa kwa saa. Daftari moja likae kwa wasajili wote wawili, kila saa iliyofundishwa isainiwe siku ileile, na mwisho wa mwaka upande uliopungukiwa ulipe tofauti kwa kiwango kilichoandikwa. Muhula wa kwanza wekeni kozi moja tu kila upande. Mtihani utungwe na anayefundisha, upitiwe na mkuu wa idara wa upande wa pili wiki tatu kabla, na alama zifike kwa msajili ndani ya siku 14.