Farasi kavimba mguu wa mbele, barafu niweke dakika ngapi?

Njozi_Kijani: Wakuu, naomba msaada. Farasi wangu kavimba nyuma ya muundi, mguu wa mbele wa kushoto, kati ya goti na kifundo. Anachechemea kidogo. Nahofia ni kano. Barafu niweke dakika ngapi, mara ngapi kwa siku, na nitampanda lini? Usingizi sina.

Kwato_Nne: Dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa siku, saa 48 hadi 72 za mwanzo. Changanya barafu na maji kwenye buti refu la mpira linalofika chini ya goti. Maji yanauzunguka mguu wote. Mabonge matupu yanagusa hapa na kuacha pale. Mfuko wa jeli uliotoka kwenye friza unaweza kuunguza ngozi, tanguliza kitambaa chenye unyevu. Ukimaliza kausha vizuri hadi nyuma ya kifundo, ngozi ikishinda mbichi inachubuka. Kisha pamba nene, bendeji juu yake, mkazo sawa kuanzia chini ya goti hadi kifundoni. Ukikaza sehemu moja unaziumiza kano za nyuma. Funga na mguu mwenzake, maana ndio unaobeba mzigo sasa.

MamaPunda: Chakula hamjakigusa. Farasi wa kufungiwa bandani akila nafaka ileile anajaa nguvu zisizo na pa kwenda. Siku ya kutolewa anaruka, kano inachanika upya. Toa nafaka, mpe nyasi kavu asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake: wa kilo 500 ni kilo 7.5 hadi 10 kwa siku. Na uangalie anavyokunywa, asiyetembea hupatwa na msokoto wa tumbo upesi.

Tuliza_Hatamu: Mleta uzi, kaumia lini? Uvimbe una joto? Kapewa dawa gani?

Njozi_Kijani: Majuzi tu, mazoezini. Joto hakuna, uvimbe ni mgumu.

Mwanga_wa_Zizi: Hii chai. Kano ya kuchanika majuzi huwa na joto, uvimbe laini, ukiiminya farasi anaunyakua mguu. Mgumu usio na joto ni wa wiki kadhaa, kovu limeshaanza kujengeka. Ama farasi hayupo, ama umeficha tarehe.

Kwato_Nne: Kweli. Nilijibu nikidhani jeraha ni bichi. Na huko kuchechemea "kidogo" kunanitia shaka ya dawa.

Njozi_Kijani: Farasi yupo. Ni wiki ya tatu. Nampa unga wa fenilbutazoni, dawa ya maumivu, asubuhi na jioni, ulibaki kwenye matibabu ya zamani aliyoandika daktari, kwa hiyo simtibu ovyo. Alivyoanza kutembea vizuri nikawa nampanda mchakamchaka. Sikutaja kwa sababu niliuliza barafu. Mashindano yamekaribia na kiingilio nimeshalipa.

MamaPunda: Kiingilio kimelipwa kwa mguu usio wako. Mnyama hana mdomo wa kukataa, wewe ndiye wa kumkatalia.

Tuliza_Hatamu: Dawa haikuunga kano. Ilizima maumivu, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamzuia asiukanyagie mguu. Barafu nayo, kazi yake kubwa ya kubana mishipa ya damu ili uvimbe usisambae ilikuwa siku zile za mwanzo. Sasa ni altrasaundi, miguu yote miwili ili ilinganishwe. Daktari atapima unene wa kano na kutazama kama kuna doa jeusi katikati, yaani nyuzi zilizokatika. Mweleze dozi na siku zote ulizompa. Usichanganye na fluniksini, dawa nyingine ya maumivu, utamtoboa tumbo na kumharibu figo.

Njozi_Kijani: Nimeelewa. Lakini nikimpumzisha wiki mbili, kisha nikamfunga bendeji ya kukaza siku ya mbio?

Kwato_Nne: Hapana. Kwenye shoti, yaani mbio za kasi, kifundo hushuka karibu kugusa ardhi, hakuna bendeji inayozuia uzito ule. Kama picha itaonyesha mchaniko, anza kumtembeza kwa kamba dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, juu ya ardhi tambarare iliyoshikana. Mchanga wa kina unakizamisha kifundo na kuivuta kano. Ongeza dakika 5 kila wiki. Altrasaundi irudiwe kila baada ya wiki 8 hivi. Mchakamchaka wa dakika 5 usiuwaze kabla ya miezi mitatu, na shoti ni miezi 6 hadi 12. Nyuzi mpya huota zimejipanga ovyo, hazinyumbuki. Mzigo mdogo unaopanda polepole ndio unaozinyoosha. Kila asubuhi papasa mguu: ukikuta joto au uvimbe umezidi wa jana, rudi ngazi ya nyuma.

Njozi_Kijani: Altrasaundi nitafanya. Kiingilio nitauliza kama kinaahirishwa. Dozi ya leo jioni nimpe au nisimpe?

Tuliza_Hatamu: Mpigie daktari kabla ya jioni, aamue yeye. Huenda akataka kumwona anavyochechemea bila dawa. Kwa sasa abaki bandani, tandiko lisimguse.