Kemia: HCl nimeandika (l), nikakatwa maksi. Hali za vitendanishi mnazijuaje?

Wakuu, habari za jioni. Narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana nipo dukani, usiku ndiyo nashika daftari. Kusawazisha mlinganyo naweza, kinachonimaliza ni vile vialama vya kwenye mabano vya kuonyesha hali: (s) yabisi, (l) kimiminika, (g) gesi, na ile (aq). Wiki iliyopita tuisheni niliandika hivi:

CaCO₃(s) + 2HCl(l) → CaCl₂(l) + H₂O(l) + CO₂(g)

Mwalimu kazungushia HCl na CaCl₂ kwa wino mwekundu, akapita zake. Sasa jamani, asidi si majimaji? Na ile kloridi ya kalisi si imeyeyuka, haionekani kabisa? Kwa nini isiwe (l)? Msinicheke.

Kaka wa Mchepuo: Dogo, kariri tu. Metali zote (s), asidi zote (aq), maji (l). Mimi nilipita hivyo hivyo.

Mama Maabara: Kukariri hivyo kutamponza. Zebaki ni metali na inamwagika. HCl ikiwa kavu ni gesi. Mnachomimina kutoka kwenye chupa ni gesi hiyo iliyokwisha kuingia kwenye maji. Ndiyo maana inaandikwa (aq), kutoka aqua, yaani maji kwa Kilatini.

Mwanangu, hapo Kiswahili chetu ndicho kilichokuchenga. Sukari ikipotea kwenye chai tunasema imeyeyuka. Siagi ikipata moto kwenye kikaango, imeyeyuka pia. Kitenzi kimoja, mambo mawili. Siagi ile ni (l): kitu chenyewe kimegeuka kimiminika. Sukari ile ni (aq): imo ndani ya maji. Chumvi ya mezani ili iwe NaCl(l) inataka nyuzi 801 za Selsiasi, na mchuzi wako haujawahi kufika huko. Tena tofauti hii si ya kwenye karatasi tu. Pitisha umeme kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, upande wa kathodi (ncha hasi) utapata sodiamu. Pitisha kwenye maji ya chumvi, hapo hapo unapata haidrojeni.

Fundi Betri: Naongezea la gereji. Betri ya gari ikitoa umeme:

Pb(s) + PbO₂(s) + 2H₂SO₄(aq) → 2PbSO₄(s) + 2H₂O(l)

Salfeti ya risasi haikubali maji, ndiyo maana ni (s). Betri iliyokaa miezi bila chaji, sahani zake unazikuta zimeshika utando mweupe mgumu. Ndiyo hiyo. Ingekuwa inajiondokea kwenye maji, nusu ya wateja wangu nisingewaona.

Mtoa uzi: Aisee, la kuyeyuka limeniingia. Sasa swali lisiposema hali, nafanyaje?

Mama Maabara: Mara nyingi linasema, ila halisemi kwa mabano. "Punje za zinki" ni yabisi. "Asidi iliyozimuliwa" ina maji tayari. Likikaa kimya kabisa, rudi kwenye umumunyifu, yaani kipi kinaingia kwenye maji na kipi kinagoma: chumvi za sodiamu, potasiamu na amonia, pamoja na nitreti zote, zinaingia kwenye maji. Kabonati nyingine karibu zote zinagoma, kama hiyo CaCO₃ yako. Haya, nifanyie hili: mvuke wa maji unapitishwa juu ya utepe wa magnesiamu uliopashwa moto mkali.

Mtoa uzi: Mg(s) + H₂O(l) → MgO(s) + H₂(g)

Kaka wa Mchepuo: Safi sana dogo!

Mama Maabara: Safi ya wapi? Nyote wawili lisomeni tena swali, neno la kwanza.

Mtoa uzi: Duh. Mvuke. (g).