Miezi 11 nimekaimu usimamizi wa zamu, dodoso la dakika 15 limeninyima cheo!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nimekaimu usimamizi wa zamu ya usiku ghalani miezi 11. Nafasi ilipotangazwa rasmi nikaomba, nikajazishwa dodoso kwenye kompyuta. Kila seti ina maneno manne: chagua moja linalokuelezea zaidi na moja lisilokuelezea kabisa. Seti mojawapo ilikuwa jasiri, mchangamfu, mvumilivu, makini. Nikabonyeza mvumilivu. Wiki iliyofuata afisa utumishi akanigeuzia skrini, akaweka kidole kwenye kitone cha grafu yangu kilicho chini ya mstari wa katikati: "Ushupavu wako ni mdogo. Wewe ni wa kufuata, si wa kuongoza."

Basi, yameisha. Hakuna aliyefungua daftari la zamu. Hakuna aliyeuliza usiku ule foklifti ilipozima na magari matatu yamepanga foleni, ni nani aliyegawa watu wakapakia kwa mikono mpaka alfajiri. Nilifanya hivyo bila kumfokea mtu, na upole huohuo ndio umegeuzwa kosa langu.

Nikaingia kusoma. Dodoso hili la aina ya DISC linapima mitindo minne ya tabia: ushupavu, uchangamfu, uvumilivu na umakini. Mizizi ya mitindo hiyo ni mwanasaikolojia Mmarekani William Moulton Marston na kitabu chake cha 1928. Alikuwa anaeleza hisia na mienendo ya watu wa kawaida. Dodoso hakutunga yeye, walikuja kulitunga wengine baadaye.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Dodoso la kulazimisha uchague linakupima wewe kwa wewe. Mtu anabeba mzigo mzito na mbio anazo. Ukimlazimisha ataje moja, akataja mbio, utasema hana nguvu? Uvumilivu wangu kuwa juu ya ujasiri wangu hakusemi chochote kuhusu ujasiri wa mwenzangu. Lakini wao waliweka grafu yangu na ya mwombaji mwingine sambamba, wakasoma kama wanasoma mizani ya duka!

Ukurasa wa pili wa matokeo ulikuwa wa vichocheo, yaani mambo yanayomsukuma mtu. Hivi navyo asili yake ni Mjerumani Eduard Spranger, 1914: maarifa, faida, uzuri, kusaidia watu, mamlaka, imani. Kwangu kusaidia watu kulikuwa juu, mamlaka chini. Wakahitimisha kwamba cheo sikitaki. Sikitaki vipi, na barua ya maombi nimeileta kwa mkono wangu? Kichocheo kinaeleza kwa nini mtu anaamka kwenda kazini. Mtindo unaeleza anavyoifanya kazi. Kama anaiweza, hayo yote mawili hayajibu.

Na njia za kujua kama anaiweza zipo. Watafiti Schmidt na Hunter mwaka 1998 walikusanya utafiti wa miaka 85 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi, na kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye, pamoja na usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji, vilikuwa miongoni mwa vipimo vya juu kabisa. Mimi kipande cha kazi nimekifanya miezi 11!

Sikatai dodoso litumike kwenye semina, watu wajuane wanavyozungumza. Kumnyima mtu riziki kwa kitone, hapana.

Nimeanza kuandika rufaa. Nataka daftari la zamu lisomwe na sote wawili tuulizwe maswali yaleyale. Aliyewahi kupinga matokeo ya namna hii, ulianzia kwa nani, na uliambatanisha nini?