Mrejesho: fikasi nimeikata, mtarakwa nimeuacha

Wakuu, niliuliza kama nikate mashina ya bonsai zangu (miti inayodumishwa midogo kwenye chungu), fikasi mbili, yaani miti ya jamii ya mtini, na mtarakwa mmoja, maana yamerefuka kama fimbo, chini na juu unene uleule.

Fikasi moja nimeikata masika yalipochanganya. Msumeno mdogo, mkato wa mshazari, juu kidogo ya pale ninapotaka shina liishie, kwa kuwa ncha hukauka kurudi chini. Utomvu mweupe ulimwagika kwelikweli! Nikaufuta kwa kitambaa kibichi hadi ukaganda. Sasa machipukizi yametokeza kwenye gome tupu, mengine karibu kabisa na udongo. Nimeyaacha yote kwanza; baadaye nitachagua moja lipande juu liwe shina jipya, ndipo wembamba wa kuelekea kileleni utaonekana.

Ya pili ina majani ya njano, kwa hiyo msumeno usubiri ipate nguvu.

Mtarakwa sikuugusa. Aliyenionya kwamba miti kama mtarakwa na msonobari ni nadra kuchipua kwenye shina lisilo na majani mabichi alinisaidia sana. Nitaufunga waya niupinde taratibu. Mliosema nikate yote kwa mpigo, mniwie radhi.