Mjadala: Filamu na tamthilia za kampuni moja zikae huduma moja, zigawanywe, au ziuzwe kwa wapinzani?

Mpanga Ratiba

Wadau, hoja iliyopo mezani ni hii. Kampuni ina maelfu ya filamu, tamthilia na vipindi. Ivirundike vyote kwenye huduma yake moja ya utiririshaji (kutazama kwa intaneti)? Ivigawe kwenye huduma zake mbili tatu, kila moja na jina lake? Au iviuze kwa leseni, hata kwa wapinzani wake?

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnirukie vizuri: huduma moja, na ndani yake visanduku, yaani sehemu zenye majina yake. Kampuni yenye huduma mbili inajigombania yenyewe. Mteja hachukui zote mbili, anachukua moja na nyingine anaisahau. Wakati huo kampuni inalipia programu mbili kwa kila aina ya runinga na simu, mifumo miwili ya malipo, na timu mbili za kupokea malalamiko.

Disney imejaribu njia zote mbili kwa wakati mmoja. Februari 2021 iliiweka Star kama kisanduku ndani ya Disney+ katika nchi kadhaa za Ulaya, Kanada, Australia, New Zealand na Singapore. Amerika ya Kusini ikaamua vingine: Agosti 2021 Star+ ilizinduliwa kama programu inayojitegemea. Mwaka 2024 ikafungwa, vilivyokuwemo vikahamia Disney+. Marekani nako, Hulu iliyozoea kuishi peke yake ikapewa kisanduku ndani ya Disney+ Machi 2024. Njia zilikuwa tofauti, mlango ukawa mmoja.

Karani wa Haki

Mkuu, umeezeka paa kabla ya kujenga kuta. Umesema kampuni "ina" tamthilia. Ina nini hasa? Tamthilia moja kwenye daftari la haki inaweza kuwa mistari arobaini. Kila mstari una nchi, lugha, aina ya haki (malipo ya mwezi, bure yenye matangazo, kukodi, kununua), tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, kama ni ya pekee au la, na vizuizi: nani haruhusiwi kuionyesha wakati mwingine anaionyesha. Kampuni ikikaa kikao cha kuchagua majina ya huduma kabla ya kulifungua daftari hilo, inapanga nyumba ya mtu mwingine.

Mfano unaojulikana ni Yellowstone. Ilirushwa na Paramount Network, ikawa ndiyo inayotazamwa kuliko zote kwenye chaneli hiyo. Mwaka 2020 haki za kuitiririsha Marekani ziliuzwa kwa Peacock, huduma ya mpinzani. Machi 2021 Paramount+ ikazinduliwa bila hiyo. Wenye mali wakalazimika kutengeneza tamthilia za ukoo uleule, kama 1883, ili huduma yao nayo ipate jina. Hapo hakuna kisanduku ambacho kingesaidia.

Hata haki za malipo ya mwezi zisikudanganye. Netflix ilipoanzisha kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo Novemba 2022, baadhi ya filamu na vipindi havikuonekana humo kwa sababu leseni zake hazikuruhusu matangazo. Huduma ni ileile, mteja yuleyule, haki ni nyingine.

Mtetezi wa Mbili

Namuunga mkono Karani, ila Mpanga Ratiba naye asiachwe apite kirahisi. Huduma mbili si ujinga kila mara. Warner Bros. Discovery ilipounganisha HBO Max na vipindi vya Discovery kuwa Max mnamo Mei 2023, haikuizima discovery+. Kwa nini? Kuna mteja anayetaka vipindi vya nyumba, mapishi na upelelezi tu, na bei ndogo. Ukimhamisha kwa nguvu kwenye huduma ya bei kubwa, hahamii huko. Anaondoka kabisa.

Tena kuna gharama ya jina ambayo hamjaigusa. Jina HBO liliondolewa mwaka 2023 kwa hoja kwamba huduma sasa ni ya kila mtu. Julai 2025 likarudishwa: HBO Max tena. Unapochanganya kila kitu, kile chenye heshima zaidi ndicho kinachopauka kwanza.

Na tazameni Sony. Haina huduma ya jumla ya kushindana na Netflix. Filamu zake za sinema, kuanzia za mwaka 2022, ziliuzwa kwa Netflix kwa soko la Marekani. Lakini kwenye katuni za Kijapani ilinunua huduma ya Crunchyroll mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.175. Yaani mali ya jumla inauzwa, mali yenye mashabiki wa damu inawekewa nyumba yake. Kwangu huo ndio mpangilio wenye akili kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Hesabu Kwanza

Mnabishana majina, mimi naleta kalamu. Swali la "tuuze au tubane", yaani tuibakize kwetu tu, lina hesabu yake, na kampuni nyingi huliamua kwa wivu.

Tuseme huduma ina wateja 2,000,000 wanaolipa dola 8 kwa mwezi. Tamthilia ya zamani ndiyo sababu kuu ya kubaki kwa nusu ya asilimia moja, yaani watu 10,000. Wastani wangebaki miezi 14 mingine. Thamani ya kuibana ni 10,000 × 8 × 14, dola 1,120,000. Mpinzani akitoa zaidi ya hapo, baada ya kutoa mirabaha ya waandishi na waigizaji, kuendelea kubana ni hasara. Tena hiyo ni hesabu ya kuuza kwa upekee. Ukiuza bila upekee, tamthilia inabaki kwako pia, na wengi wa wale 10,000 hawana sababu ya kuondoka.

Tamthilia ya Suits ndiyo kipimo. Ilimaliza kurushwa 2019. Juni 2023 ikaingia Netflix Marekani huku ikibaki Peacock, huduma ya wenyewe, NBCUniversal. Kwa hesabu ya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, mwaka huo ilitazamwa kwa dakika bilioni 57.7 nchini humo, ikaipita rekodi ya mwaka 2020 ya The Office, bilioni 57.1. Miaka yote iliyokaa kwa mwenyewe haikukaribia hapo.

Mpanga Ratiba

Ndugu Hesabu, hiyo Suits malizia. NBC ikatengeneza toleo jipya, Suits LA, likaanza Februari 2025, likafutwa baada ya msimu mmoja. Umati ulijengwa nyumbani kwa Netflix na ukabaki nyumbani kwa Netflix. Ukipangisha kibanda chako kwa jirani mwenye wateja, wateja ni wa jirani.

Halafu ile nusu ya asilimia umeipataje? Kampuni nyingi huchukua kitu cha kwanza alichotazama mteja baada ya kujiunga, wanakiita sababu. Hicho kinapima tu kilichowekwa juu kwenye ukurasa wa mwanzo wiki hiyo.

Hesabu Kwanza

Hapo umenishika, kipimo hicho ni kibovu. Kilicho bora kidogo: chukua wateja waliotazama tamthilia hiyo kwa zaidi ya theluthi ya saa zao zote ndani ya siku 90, uwalinganishe na wateja wa umri uleule wa usajili na saa zilezile ambao hawakuigusa. Tofauti ya wanaokatisha ndiyo uipe thamani. Ikiwezekana, iondoe kwanza kwenye nchi moja ndogo kwa miezi mitatu uone. Wakubwa huogopa jaribio hilo kwa kuwa mara nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyegundua.

Kuhusu Suits LA: aliyelipwa leseni alilipwa. Toleo jipya kushindwa hakurudishi fedha.

Kasuku wa Manukuu

Nyote mnazungumza kana kwamba kuhamisha ni kubofya. Tuelezane kinachoharibika.

Kwanza vitambulisho. Huduma mbili zinapounganishwa, kila moja ina namba zake za ndani. Msipokuwa na namba ya nje inayofanana, mtazamaji aliyefika sehemu ya 6 anarudishwa sehemu ya 1, na tamthilia moja inajitokeza mara mbili kwenye utafutaji. Dawa ipo: EIDR, namba zinazoanza na 10.5240, ambazo hutenganisha ngazi tatu: kazi yenyewe, toleo lake (la runinga, la sinema, la mwongozaji), na nakala yake ya kidijitali. Kosa la kawaida ni kuweka namba ya kazi mahali pa namba ya toleo. Matokeo yake, manukuu (maandishi ya maneno yanayosemwa, chini ya picha) ya toleo refu yanabandikwa kwenye toleo fupi.

Pili kasi ya picha. Toleo la fremu 23.976 kwa sekunde likiongezwa kasi kufikia 25, saa moja inakuwa dakika 57 na sekunde 32 hivi. Ukichukua manukuu ya toleo la kwanza ukayaweka kwenye la pili, mwanzoni hutaona kitu, mwishoni yamechelewa karibu dakika mbili na nusu. Mkaguzi anayetazama dakika tano za kwanza anapitisha. Angalia mwanzo, katikati na dakika tano za mwisho, kila sehemu, kila lugha.

Tatu alama za matangazo. Tamthilia iliyotengenezwa bila mapumziko ikiuzwa kwa huduma ya bure yenye matangazo lazima mtu aweke alama za mahali pa kukatia. Ikiachiwa mashine, tangazo linaingia katikati ya sentensi. Gharama hiyo, Hesabu Kwanza, sikuiona kwenye kalamu yako.

Nne majina ya watu. Max ilipozinduliwa Mei 2023, waandishi, waongozaji na watayarishaji walirundikwa chini ya neno moja, "waundaji". Vyama vya waandishi na waongozaji vilikuja juu, kampuni ikaomba radhi na kusema ni dosari ya kuhamisha mfumo. Sehemu moja tu ya metadata (taarifa zinazoeleza kazi) ilibadilishwa umbo, ugomvi ukafika kwenye magazeti.

Wakili wa Zamu

Nina mawili, yote yanamgusa Mpanga Ratiba.

Kujiuzia mwenyewe. Ukiweka tamthilia kwenye huduma yako, kampuni ya uzalishaji inaiuzia kampuni dada. Bei ikiwa ya kirafiki, waigizaji na watayarishaji wenye asilimia ya faida wanapunjwa, na wanajua kushtaki. Kwenye shauri la tamthilia ya Bones mwaka 2019, msuluhishi aliiamuru Fox ilipe takriban dola milioni 179, na haki zilizopelekwa Hulu, huduma ambayo Fox ilikuwa na hisa, zilikuwa sehemu ya ugomvi. Hakimu akaondoa dola milioni 128 za adhabu, kisha pande zikapatana. Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka kwako, pata ofa mbili za bei kutoka nje na uziweke kwenye faili.

La pili ni Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2018 inataka angalau asilimia 30 ya katalogi iwe kazi za Ulaya. Huhesabiwa kwa idadi, na msimu mmoja wa tamthilia ni kazi moja. Sasa chukua huduma yenye kazi 3,000, za Ulaya 900: umetimiza barabara. Iunganishe na dada yake yenye kazi 1,000 za Marekani tupu: 900 kwa 4,000 ni asilimia 22.5. Wengi hudhani wanahitaji 300 zaidi. Wanahitaji 429, kwa sababu kila unayoongeza inakuza jumla pia.

Mtetezi wa Mbili

Wakili, hiyo 429 naiazima kutetea huduma mbili.

Mpanga Ratiba

Sawa, nashuka ngazi moja. Bado nataka mlango mmoja, lakini nakubali daftari litangulie. Karani, tupe utaratibu basi. Kampuni ina kazi 6,000, mikataba mingine ni ya karatasi, na kikao cha bodi ni baada ya miezi mitatu. Inaanzia wapi?

Karani wa Haki

Isianze na 6,000. Ichukue kazi 300 zinazobeba saa nyingi zaidi, isome mikataba yenyewe pamoja na viambatisho. Muhtasari wa idara ya mauzo usiaminiwe, huwa hauandiki vizuizi. Kila kazi ipewe moja ya alama nne: huru, imefungwa hadi tarehe fulani, huru kwa baadhi ya nchi, haijulikani. Ile "haijulikani" ndiyo yenye hatari, na huwa kubwa kuliko bodi inavyotegemea.

Muziki usomwe peke yake. Nyimbo za tamthilia za zamani nyingi zililipiwa runinga tu, kwa miaka michache. Kuna mambo matatu ya kufanya: lipa upya, badilisha wimbo, au iache kazi hiyo kabatini. Kubadilisha kunahitaji mkanda ambao sauti za watu na muziki zimetenganishwa. Kama mkanda huo haupo, wimbo ulio chini ya mazungumzo hauondoki bila kuondoka na mazungumzo.

Zikishaisha hizo 300, gawa: zipi zikae kwenu tu, zipi zikae kwenu na kwa wengine, zipi ziende nje kabisa. Leseni za nje zisizidi miaka miwili, na tarehe za kuisha zitawanywe. Msifanye zote ziishe tarehe 31 Desemba kisha Januari mkawa na kazi 80 za kupokea, kukagua na kupandisha wiki moja.

Kasuku wa Manukuu

Na tarehe ya kuisha iandikwe na saa. "Tarehe 31" ya saa za nani? Mfumo ukifuata saa ya dunia (UTC), kazi inaondoka Los Angeles saa kumi jioni, watu wakiwa katikati ya sehemu ya mwisho.

Karani wa Haki

Saa sita usiku ya nchi husika, na kifungu kinachomruhusu aliyekwisha kuanza kutazama amalize ndani ya saa 48. Waliopakua kwenye simu nao watajwe, la sivyo nakala zao zinaendelea kuonyesha wakati leseni imeshakufa. Kifungu hicho huombwa wakati wa kusaini. Baada ya hapo kinauzwa ghali.